Nchi Iliyopandisha Bendera kwa Pumzi

Palikuwa na nchi, na huenda ipo hadi leo, maana waziri anayehusika na kisa hiki bado anapokea posho. Nchi yenyewe iliitwa Jamhuri ya Matundani. Ilikuwa na mito, milima, vikao, na desturi moja ambayo majirani waliionea wivu: bendera yake ilipandishwa kwa pumzi.

Kwa wenzao bendera hupanda kwa kamba, basi. Matundani kamba ilikuwepo, lakini haikuruhusiwa kuvutwa mpaka kijana wa shule aliyeteuliwa na serikali aanze kupuliza noti ya mwisho ya wimbo wa taifa kwa tarumbeta. Kijana akipuliza, sajini anavuta kamba. Pumzi ikikata, sajini anafunga kamba. Pale bendera ilipofika ndipo itakapokaa mwaka mzima. Waasisi wa taifa walisema kwamba pumzi ya vijana ndiyo kimo cha nchi. Walipigiwa makofi, na maneno yakaingia kwenye katiba kabla mtu hajauliza wana maana gani.

Miaka mingi bendera ilifika juu kabisa. Kisha zikaja vepu.

Vepu ni vidude vyembamba kama kalamu, huchajiwa kama simu na hutoa mvuke wenye harufu ya pipi. Wizara ya Afya ilipoziona kwenye mikoba ya wanafunzi iliuliza kama ni sigara. Swali likapelekwa kwa Kamati ya Uainishaji, nayo ikajifungia hotelini ufukweni ili kulitafakari. Wajumbe walikubaliana kwamba sigara ina moto, na hiki hakina. Sigara ina majivu, na hiki hakina.

"Kwenye boksi lake kuna picha ya nini?" akauliza mwenyekiti.

"Ya embe, Mheshimiwa."

"Sasa tunabishania nini?"

Bahati ilikuwa kwamba Waziri wa Kilimo na Matunda, Mheshimiwa Dakta Shomari Makokwa, ndiyo kwanza amerudi kutoka mkutano wa ng'ambo ambako alisomewa mbele za watu kwamba vijana wa Matundani ndio wanaokula matunda machache kuliko vijana wote. Aliaibika, ukizingatia jina la nchi. Alipoliona lile boksi, uso wake ulichanua kama wa mtu aliyeota jino jipya.

"Ndugu wananchi," alilihutubia taifa, "tunda ni nini? Tunda si ganda, ganda tunalitupa. Tunda si kokwa, kokwa tunaitema. Tunda ni ladha! Na ladha ikiondolewa mzigo wa kutafunwa, hayo ndiyo maendeleo. Kuanzia leo, kijana aliyevuta embe atahesabika amekula embe."

Mkurugenzi mmoja wa Afya alinyoosha mkono kuuliza kuhusu nikotini iliyomo ndani.

"Hiyo," alijibu Waziri, "ni vitamini ambayo bado haijapewa herufi."

Mkurugenzi alihamishiwa idara ya mashimo ya takataka, ambako hakuna cha kuuliza. Vepu zikaitwa rasmi Tunda la Mfukoni. Takwimu zikapaa. Mashamba ya michungwa na minanasi yakapimwa viwanja, kwa kuwa taifa tayari lilikuwa limeshiba. Shule zikawekewa Mapumziko ya Tunda kila baada ya kipindi, kwa sababu wanafunzi walikuwa hawawezi tena kukaa vipindi viwili mfululizo bila kutetemeka mikono, jambo ambalo Wizara ililifafanua kuwa ni bidii. Na ikapitishwa Sheria ya Haki ya Mtoto kwa Tunda: mtu yeyote atakayemzuilia mtoto tunda lake atafungwa, awe mwalimu, awe mzazi.

Jambo moja tu liligoma kupaa, nalo ni bendera. Kila mwaka ilisimama chini ya pale iliposimama mwaka uliotangulia. Kijana wa kwanza alikata pumzi ikiwa robo tatu. Aliyefuata alikohoa ikiwa nusu. Akatangazwa mpungufu wa uzalendo, akafukuzwa shule, na familia yake ikahama mji. Ndipo ikaundwa Kamati ya Kimo cha Taifa. Baada ya uchunguzi wa kina kamati iligundua kasoro: mlingoti ulikuwa mrefu kupita uwezo wa nchi changa. Ukakatwa. Mwaka uliofuata ukakatwa tena. Kufikia wakati wa kisa hiki ulikuwa na kimo cha mbuzi, na Rais alipiga saluti akiwa amechuchumaa. Mafundi cherehani wa ikulu walishona suruali zenye viraka vya magotini, na watu wa mjini wakaziiga wakidhani ni mtindo.

Sasa huko huko, katika mji wa Kiporo, aliishi Bi Saumu Kitwana, mwanamke mfupi, mnyoofu wa maneno, mwenye stashahada ya usimamizi wa maghala. Alisimamia ghala la serikali la saruji. Madereva wa malori walimwita Mama Saruji, na si kwa sababu ya kazi tu, akishakauka hapindiki. Mumewe naye alikuwa dereva wa masafa, mtu wa kuonekana kwa nadra kama mwezi mwandamo. Binti yao wa pekee, Rehani, alikuwa na miaka kumi na sita na alipiga tarumbeta katika bendi ya shule.

Zamani Rehani akishika noti, jirani aliweza kubandika maji ya chai na kuyaepua kabla haijaisha. Siku hizi alishika noti, akaiachia, akakohoa, akaingiza mkono mfukoni.

Bi Saumu alianza kama mama yeyote angeanza, yaani vibaya. Alikikuta kidude chini ya mto, akakipeleka kazini, akakitumbukiza katika zege la mafundi waliokuwa wakijenga ukuta. Kipo humo mpaka leo. Jioni yake Rehani alikuwa na kingine, cha nanasi, kutoka duka la shule. Bi Saumu alifoka mpaka kuku wakahama uani. Kesho yake alikuja mgeni.

"Hodi hapa!"

"Karibu. Kama unauza kitu, hatununui."

"Mimi ni Afisa Matunda wa kata. Naitwa Kibindo." Alikuwa kijana mwenye shati lililonyooshwa vizuri na vepu iliyoning'inia shingoni kwa utepe wa taifa. "Mama Rehani, tumepata taarifa ya kusikitisha. Tunda limekutwa ndani ya ukuta."

"Lile si tunda, mwanangu."

"Niite Afisa."

"Lile si tunda, Afisa mwanangu. Mtoto wangu anaamka kabla ya adhana kutafuta kile kidude kama kichanga anayetafuta titi. Wewe umewahi kuona mtu anaamka usiku kutafuta papai?"

Kibindo alivuta kidogo, akafikiri, akavuta tena. "Sheria haijataja muda wa kula papai," alisema. "Hili ni onyo la kwanza. La pili ni pingu." Akaondoka akiacha sebule ikinukia stroberi.

Usiku ule Bi Saumu aliwaza kumchapa mtoto, kisha akaona haina maana kumchapa mtu kwa kuwa na kiu. Lakini kilichomkata maini kilikuja Ijumaa. Rehani alirudi na bahasha yenye nembo ya Kamati ya Kimo cha Taifa, mbuzi na mlingoti. Ameteuliwa. Siku ya Matunda, sikukuu ya taifa, mwaka huu yeye ndiye atakayepandisha bendera.

Majirani walipiga vigelegele. Rehani aliingia chumbani, akafunga mlango, na Bi Saumu alipomfuata alimkuta ameketi sakafuni, tarumbeta pajani.

"Hongera, basi," mama alisema.

"Mama, sitaweza. Hata kile kimlingoti cha mbuzi sitaweza. Nimejaribu leo. Nikipuliza, kifua kinabana. Nikiacha kuvuta ili kipone, kichwa kinapasuka na natamani kumng'ata mtu."

"Si uliniambia unaacha ukitaka?"

"Nilidanganya." Rehani alifuta pua kwa mkono wa sare. "Nimetaka mara nyingi, mama. Nimetupa chooni, nimempa rafiki yangu Tunu anifichie, nikaenda kumpigia magoti Tunu anirudishie. Mimi sikivuti tena, ni chenyewe ndicho kinanivuta. Nisaidie."

Bi Saumu hakuwa mtu wa kukumbatia ovyo. Alimfunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefunguka, akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako. Kesho tunakwenda hospitali."

Hospitali walimkuta Daktari Mbwelwa, mzee mwenye huruma na mikono mirefu ya koti. Alimsikiliza Rehani kifuani, akatikisa kichwa.

"Uteja wa nikotini," alisema, kisha akakumbuka alipo. "Yaani, samahani. Uchu wa matunda."

"Mpe dawa."

"Kliniki ya kuachisha nikotini tunayo, mama. Ina vitanda, ina mshauri, ina hata feni. Lakini ni ya wavuta sigara. Huyu anakula tunda. Nikimwachisha tunda, mimi na wewe tutalala ndani." Alishusha sauti. "Kuna njia moja ya kisheria. Aanze kuvuta sigara. Avute vizuri, kwa bidii, miezi michache. Akishakuwa mvutaji kamili nampokea bila swali."

Bi Saumu aliweka mkoba wake chini.

"Daktari, wewe mama yako yuko hai?"

"Alifariki."

"Ana bahati hakusikia hayo."

Daktari aliinamisha kichwa, akaupeleka mkono wa koti mdomoni, na wingu dogo la ukwaju likatoka kwenye kishikizo. "Hata mimi, mama," alinong'ona. "Wanangu pia." Kisha, akitazama dirisha kana kwamba anazungumza na mti, alisema harakaharaka: "Siku za mwanzo ndizo mbaya. Atakuwa mkali, atakosa usingizi, atakula kama kiwavi. Uchu unakuja kama wimbi, lakini wimbi halikai. Mpe kitu mkononi na kitu mdomoni mpaka lipite. Wiki zikisogea linapungua. Asikae karibu na wanaovuta. Na akiteleza, usimtukane. Mimi sijasema kitu."

Asikae karibu na wanaovuta! Bi Saumu alitoka nje akatazama barabara. Mgambo anavuta nanasi. Mwuza vitumbua anavuta vanila. Bibi harusi ndani ya gari la maua anavuta zabibu, na bwana harusi amemshikia chaja. Katika Jamhuri nzima, ni wapi mtu asipovuta?

Aliporudi kazini kuchukua ufunguo alioacha, alisimama mlangoni pa ghala akainua macho. Juu ya mlango palikuwa na bango alilolibandika mwenyewe miaka mingi nyuma, akaacha kuliona kama mtu anavyoacha kuiona pua yake:

WIZARA YA UJENZI. SARUJI IHIFADHIWE PAKAVU. UNYEVU NA MVUKE WA AINA YOYOTE NI MARUFUKU. ADHABU KALI.

Alilisoma mpaka mwisho. Kisha akacheka, jambo ambalo mlinzi alikwenda kulisimulia nyumbani.

Shule zilikuwa zimefunga. Kuanzia Jumatatu Rehani alikwenda ghalani na mama yake, akawekwa katika ofisi ya kioo, mbali na vumbi, pamoja na tarumbeta lake. Mlinzi alimpekua kila aliyeingia, kama kanuni ilivyotaka siku zote bila mtu kuifuata. Vepu zilibaki langoni ndani ya ndoo.

Haikuwa picha nzuri. Rehani alimtukana mlinzi, akaitukana saruji, akamwambia mama yake kwamba ana roho ya nondo. Alilia kwa sababu kalamu imeanguka. Alikula chakula chake, cha mama yake, na cha mlinzi.

"Mama Saruji," dereva mmoja aliuliza, "huyu mtoto wako au umefuga chui?"

"Wangu. Chui angekuwa na adabu."

Wimbi lilipomjia, mama alimpa kile kipande cha kupulizia kinachochomolewa kwenye tarumbeta. Rehani alikiweka mdomoni, akapuliza hewa tupu, pumzi ndani, pumzi nje, mpaka mikono itulie. Alitembea nacho mfukoni mahali pa kile kingine. Mara moja utingo wa lori alimpenyezea vepu nyuma ya gari, naye akavuta mpaka macho yakamlegea. Alikuja mwenyewe kwa mama yake, akasimama kama mtu anayengoja hukumu.

"Nimeharibu. Nianze upya?"

"Ukianguka njiani unarudi nyumbani kuanza safari upya? Unajipangusa, unaendelea. Utingo yuko wapi?"

Utingo alikuwa ameshakimbia, na hakuonekana tena katika wilaya ile.

Haikuchukua muda Afisa Kibindo akatokea langoni, safari hii na pingu.

"Bi Saumu, unamzuilia mtoto tunda. Onyo la pili."

"Mimi? Mimi nimemzuia nani? Mpelekee. Ingia, mvukize mwenyewe." Akamwonyesha bango.

Kibindo alisoma. Akasoma tena akifuata kwa kidole. Wizara ya Ujenzi ilikuwa kubwa kuliko Wizara ya Matunda; ina magreda.

"Lakini yeye ni mtoto," alisema, "si saruji."

"Hapo ndipo tatizo lilipo, Afisa. Nchi hii saruji ina sheria, mapafu hayana. Ukilowesha mfuko wangu mmoja unafungwa. Ukilowesha kifua cha mwanangu unapandishwa cheo. Basi mimi nimechagua mwanangu awe saruji. Ahifadhiwe pakavu mpaka Siku ya Matunda. Una swali?"

Kibindo alikuwa nalo, lakini vepu yake ilikuwa ndani ya ndoo na mawazo yake yalishaanza kutawanyika. Aliichukua akakimbia.

Ikafika Siku ya Matunda. Uwanja ulijaa. Jukwaa kuu lilifunikwa na wingu la harufu ishirini, na Rais alijulikana alipo kwa sauti ya kikohozi chake. Dakta Makokwa alihutubia kuhusu ushindi wa ladha dhidi ya kutafuna, akisimama kila aya kwa Mapumziko ya Tunda. Katikati ya uwanja kilisimama kile kimlingoti, kimepakwa chokaa. Bi Saumu alikuwa nyuma kwa wananchi, ameshikilia mkoba kama anashikilia usukani.

Wimbo wa taifa ukaanza. Kwa mujibu wa sheria, wimbo ukipigwa kila mtu husimama wima, mikono ubavuni, na hakuna kutikisika hadi noti ya mwisho ikome. Sheria hii haikuwahi kumsumbua mtu, kwani siku hizi noti ya mwisho ilikuwa kama chafya.

Rehani akavuta hewa. Bi Saumu aliona mabega yake yakipanda, akasahau kuvuta ya kwake.

Noti ikatoka, nyembamba kwanza, ikatetemeka kidogo, kisha ikakaa. Sajini akavuta kamba. Bendera ikafika ncha ya mlingoti palepale. Watu walitaka kupiga makofi. Lakini noti ilikuwa bado inaendelea, na kanuni inasema bendera itapanda mpaka pumzi ikome. Sajini alikuwa mtu wa kanuni. Aliung'oa mlingoti, akauinua juu ya kichwa. Noti ikaendelea. Alipanda juu ya kiti. Noti ikaendelea. Alipanda juu ya meza ya zawadi, maboksi ya nanasi na stroberi yakipasuka chini ya buti zake.

Huku jukwaani, kwa kuwa hakuna mkono ulioruhusiwa kuondoka ubavuni, wingu lilianza kupungua. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka wananchi waliiona serikali yao. Ilikuwa inatoka jasho. Spika alikuwa akitafuna tai. Waziri wa Afya alikuwa akilia kimyakimya. Vidole vya majenerali vilicheza ubavuni kama vya mpiga kinanda. Mtoto mmoja begani kwa baba yake akauliza kwa sauti, "Baba, wale wanaumwa nini?" Na uwanja mzima, ambao ulikuwa unaumwa vilevile, ukaangalia chini.

Rehani aliyaona yote kwa pembe ya jicho. Mtetemo ule wa vidole aliujua, ulikuwa wake. Akaikaza noti.

Aliyevunjika wa kwanza alikuwa Dakta Makokwa.

"Mwambieni apumue!" alipiga kelele katikati ya wimbo wa taifa. "Mwambieni apumue, nakufa!" Akachomoa vepu mbili kwa pamoja, akazitia zote mdomoni, akavuta mbele ya bendera, mbele ya Rais, machozi yakimtoka kama mtoto aliyerudishiwa titi.

Hapo ndipo Rehani alipoishusha noti, taratibu, akaimaliza. Sajini, akiwa juu ya meza, alitafuta mahali pa kufunga kamba, akakosa. Inasemekana bado ameishikilia.

Tume iliundwa jioni ileile. Iligundua kwamba Waziri hakuwa na kosa. Alikuwa anakula tunda. Kosa lilikuwa la pumzi, ambayo ilizidi viwango. Urefu wa pumzi ya raia ukawekewa kikomo, na Afisa Kibindo akatumwa Kiporo kuchunguza yule binti anatumia tunda gani lenye nguvu hivyo, ili lipigwe marufuku.

Aliwakuta mama na mwana barazani. Rehani alikuwa anapulizia kile kipande cha tarumbeta, kwani wimbi bado lilimjia mara mojamoja, hasa jioni.

"Shikamoo, Mama Rehani. Naomba kuliona hilo tunda."

Bi Saumu aliingia ndani, akatoka na chungwa. Mumewe alilileta kutoka ng'ambo ya mpaka, limefungwa kwenye gazeti kama dhahabu. Akamwekea Afisa kiganjani.

Kibindo alilipima uzito. Alilinusa, akashtuka, akalinusa tena kwa muda mrefu kidogo. Alilizungusha akitafuta mahali pa kuwashia. Hatimaye aliona kitovu chake, uso ukamng'aa. Akatoa waya wa chaji mfukoni, akapiga goti, akaanza kulichomeka.

Rehani alimtazama. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, mpaka kipande cha tarumbeta kikamdondoka, mpaka pumzi ikamwishia kabisa. Bi Saumu alinyanyuka nusu, mkono mbele.

Pumzi ikarudi yenyewe. Hakuna aliyeichaji.